Ngoma Iliyokwenda Singida

ALHAMISI. Dodoma

Nimemwambia mke wangu naenda Singida kununua mafuta ya alizeti. Si uongo mtupu. Mwezi wa tano alizeti mpya inaanza kukamuliwa, na bei ya kule si ya huku. Ila hakuna mtu aliyewahi kufunga safari ya siku nne kwa ajili ya dumu la mafuta, na mke wangu si mtoto. Alinitazama, akaitazama jezi iliyokuwa inakauka kambani uani, akasema, "Dumu la lita kumi. Siyo tano." Akarudi jikoni.

Timu yenyewe jina naliacha. Viongozi wake wananifahamu, na mmoja hajamaliza kunilipa geti nililomtengenezea. Wa Dodoma ataijua, wa mbali akiijua haitamsaidia kitu. Kinachotosha kujua ni kwamba tuko nafasi ya 14. Ligi Kuu ina timu 16 na kila moja inacheza mechi 30. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanakwenda kwenye mchujo kutafutana roho. Zimebaki mechi tano. Jumapili tunacheza Singida, Uwanja wa Liti.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Chang'ombe. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, kazi ya mageti na madirisha haijanikauka. Watu wamejaa Kisasa, wamejaa Ilazo, wamejaa Nkuhungu. Mwaka 2018 tukapewa na hadhi ya jiji. Nikasema sasa Uwanja wa Jamhuri nao utajaa. Wapi! Kila aliyehamia alikuja na godoro lake, friji lake na timu yake, na timu yenyewe ni moja kati ya zile mbili. Siku Simba au Yanga wakija Jamhuri, uwanja unashangilia pale lango letu linapofungwa. Msimu uliopita mgambo getini aliitazama jezi yangu, akaninyooshea mkono kuelekea upande wa wageni. Hakuwa na utani.

Jioni tulikutana kwenye genge karibu na uwanja kuhesabu michango. Karatasi ilikuwa na majina 23. Pesa zilikuwa za watu tisa. Mwenye Coaster alipiga hesabu ya mafuta, ya dereva na ya kulala, akataja bei ambayo hata wote 23 wasingeifikia, kisha akaagiza chai kwa hesabu yetu. Ikaamuliwa twende kwa basi la abiria, tena kesho, tulale Manyoni kwa dada yake Mama Ngoma ili tuokoe gesti ya usiku mmoja.

Mama Ngoma ndiye roho ya tawi letu la mashabiki. Ni mama wa Kigogo aliyekwisha vuka miaka 60, mwembamba kama fito, anayepiga muheme. Muheme kwetu ni ngoma ya wanawake, unaibana magotini na unaipiga kwa viganja, na ukiisikia kwa mara ya kwanza utadhani kuna watu wanne. Timu nyingine zina matarumbeta na vuvuzela. Sisi tuna Mama.

IJUMAA. Dodoma hadi Manyoni

Saa mbili asubuhi tuko Stendi Kuu, Nzuguni. Nauli Sh12,000 kwenda Singida, ila sisi tunashukia Manyoni kwa hiyo tulikubaliana na konda Sh7,000. Kisha akaiona ngoma.

"Hiyo ni mzigo. Elfu tatu."

"Mzigo gani? Naipakata," Mama akasema.

"Mama yangu, ukiipakata wewe, jirani yako akae wapi?"

Hapo akaingia Kamisaa. Ni mwalimu mstaafu, tumempa jina hilo kwa sababu kila mechi anaandika daftarini kama kamisaa wa mchezo: dakika, kona, kadi, nani kapoteza mpira. Ana madaftari tangu enzi za timu ambazo vijana hawazijui, CDA, Waziri Mkuu, Polisi Dodoma. Alimweleza konda kwa utulivu kwamba ngoma ni chombo cha utamaduni. Konda alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, akasema, "Sawa Mwalimu. Elfu tatu." Tukalipa. Kamisaa akaandika daftarini: ngoma, 3,000.

Tukapita Kizota, Nala, tukaingia nchi ya wazi. Mibuyu, vichaka vya miiba, mbuzi. Bahi walikuwa wanavuna mpunga, na kijana wetu mmoja, anayeuza zabibu stendi msimu ukiwepo na karanga usipokuwepo (ndiyo maana anaitwa Zabibu mwaka mzima), alishuka dirishani nusu mwili kuuliza bei ya gunia kana kwamba anayo. Baada ya Kintinku basi likaanza kuupanda ukuta wa bonde la ufa, injini ikalia kwa gia ndogo, na mazungumzo yakahamia mahali yanapohamia siku zote: kwa nini tuko hivi tulivyo.

Kila mtu ana jibu lake. Kamisaa alisema pesa ya televisheni ipo, mkataba wa Azam wa mwaka 2021 ni Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, ila mgawo wa timu ndogo ukishalipia mabasi na hoteli za msimu mzima unabaki wa kununulia maji. Na nchi yenyewe ni kubwa. Leo uko Bukoba, wiki ijayo Ruangwa. Zabibu alisema ni kocha. Baba mmoja wa Makole, ambaye huongea mara moja kwa safari, alisema, "Kipa ni mfupi." Mama Ngoma alisema mishahara. Alisema vijana wamekaa muda bila kulipwa, na mtu asiyelipwa anakimbia ila harudi. Yaani anapanda kushambulia, kurudi kukaba ndiyo hana nguvu nako. Nimeona mechi nyingi sana na sijawahi kusikia uchambuzi mzuri kuliko huo.

Manyoni tulifika kabla ya adhuhuri. Dada yake Mama alitupokea kwa ugali wa mtama na mlenda, akatutandikia mikeka kwenye vyumba viwili, wanaume huku, wanawake kule. Na hapo ningeweza kuimaliza siku, isipokuwa jioni tuliingia kwenye kibanda umiza.

Kibanda chenyewe ni cha mabati, benchi za mbao, kiingilio Sh500, joto la kuivisha mayai. Ilikuwa inaonyeshwa mechi ya moja ya zile mbili za Kariakoo. Kimejaa pomoni. Sisi tulikuwa hatuna haja na mechi hiyo hata kidogo. Tulikuwa tunakodolea mstari mdogo unaopita chini ya skrini, ule wa matokeo ya viwanja vingine, kwa sababu saa ile ile timu ya 15, inayotufukuzia kwa pointi mbili, ilikuwa inacheza ugenini.

Watu 60 wanatazama mpira, watu tisa wanasoma maandishi. Mpira ukielekea langoni wanasimama, sisi tunachungulia katikati ya miguu yao. Kipindi cha pili kimefika katikati, mchezaji kaanguka, uwanja umetulia, kibanda kimetulia, mtu anakunywa soda yake. Ule mstari ukapita: wale wanaotufukuzia wamefungwa. Zabibu akaruka. Mama Ngoma akapiga kigelegele. Mimi nikajikuta nimemkumbatia baba wa Makole, ambaye sijawahi hata kumshika mkono.

Kibanda kizima kiligeuka.

"Kuna nini?" jamaa mmoja aliyevaa jezi akauliza. "Penalti?"

Tukaeleza. Ikachukua muda, maana kwanza ilibidi tueleze kwamba timu hiyo ipo, kisha kwamba tumetoka Dodoma kwa ajili yake, kisha kwamba tunashangilia kufungwa kwa timu nyingine kabisa. Jamaa alisikiliza, akauliza lile swali ambalo nimeulizwa kwenye harusi, hospitalini, na siku moja msibani tukiwa tumeinama tunachimba kaburi:

"Sawa. Lakini wewe ni Simba au Yanga?"

Nikasema sina. Akacheka kwa upole, kama unavyomcheka mtu aliyesema hana kabila. Kijana mwingine akatoa ushahidi: hata baba yake, aliyekuwa anaishangilia timu ya mkoa wao, moyoni alikuwa na timu yake ya Kariakoo. "Timu ya mkoa ni kama jirani," akasema. "Unampenda, ila huli kwake kila siku." Kisha akauliza timu ya mkoani itachukua ubingwa lini.

Alikuwa hajui kwamba Kamisaa yupo. Mwalimu alisimama na kuvua miwani. "Mseto ya Morogoro, 1975. Tukuyu Stars, 1986, wametoka kule milimani Rungwe, wamepanda na kuchukua. Coastal Union ya Tanga, 1988. Mtibwa Sugar, 1999, na 2000 wakarudia." Kibanda kikawa kimya, mtu mmoja mzee nyuma akaitikia "Kweli, Tukuyu!" kama yuko kanisani. Kwa nusu dakika tulikuwa watu wakubwa pale ndani.

"Na Dodoma?" kijana akauliza.

Kamisaa akavaa miwani yake, akakaa.

JUMAMOSI. Manyoni hadi Singida

Asubuhi baridi na upepo. Manyoni barabara inagawanyika, moja inashika Itigi hadi Tabora, moja inapinda kwenda Singida. Njia panda wanauza asali kwenye chupa za maji na kuku hai waliofungwa miguu. Tulipata basi dogo, konda hakuitaja ngoma kabisa, jambo lililomkera Kamisaa kwa sababu alikuwa ameandaa hoja mpya usiku.

Ikungi, kisha Puma, halafu ile miamba inaanza, mawe makubwa ya duara yamepandana kama mtu aliyapanga akaitwa chakula akaacha. Pembezoni mwa barabara madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa yanawaka manjano kwenye jua. Nikauliza bei dirishani, nikaahirisha. Mafuta hayanunuliwi wakati wa kwenda, utayabeba uwanjani?

Singida mjini tulipata gesti ya Sh15,000 chumba, watatu watatu. Mwenye gesti alituuliza tumekuja kwenye semina gani.

Mchana tukamkamata Zabibu. Simu yake ilikuwa imebaki wazi juu ya kitanda, na baba wa Makole, ambaye tulidhani hana habari na simu, aliuona mkeka wa kubeti. Mechi sita. Ya nne ilikuwa yetu, na kijana alikuwa ameweka kwamba tutafungwa.

Kesi ikasikilizwa kwenye ukumbi wa gesti. Mwendesha mashtaka mimi. Zabibu hakukana. Alisema amekuwa akifanya hivyo tangu raundi ya kumi. "Tukishinda, nafurahi. Tukifungwa, nakula. Nifanyeje, nilie na njaa juu?" Akasema kwa msimu huu timu imemlipia kodi ya miezi miwili. Nilitafuta la kumjibu sikulipata, na naandika hapa bado sijalipata. Hukumu aliitoa Mama Ngoma: kesho Zabibu ndiye atakayebeba ngoma kwenda na kurudi, na mkeka huo ukishinda anunue chakula cha wote.

Jioni tukashuka Ziwa Singidani kupunga upepo. Maji yake ni ya chumvi, ukingoni kuna utando mweupe, na mbali kule ndege wamesimama kwa mguu mmoja. Kamisaa akatusomesha habari za jina la uwanja: zamani uliitwa Namfua, sasa ni Liti, jina la mwanamke shujaa ambaye Wanyaturu husimulia kwamba aliwakabili Wajerumani kwa nyuki. Silaha yake ilikuwa nyuki. Mama Ngoma aliipenda sana hadithi hiyo, akataka irudiwe.

Tulipokuwa tunaondoka tukakutana na wachezaji wetu wawili wanatembea na kandambili, taulo mabegani. Mmoja alikuwa beki wetu wa kushoto. Huyo kijana mimi nimemtukana misimu miwili, kwa jina, kwa sauti, na mara moja kwa kutaja ukoo. Kumwona hivi karibu ni mtoto tu, ana chunusi.

"Shikamoo Mama! Mmekuja kweli?"

"Marahaba mwanangu. Tumekuja na ngoma."

Akacheka. "Mama, ile ngoma yako ina matatizo."

"Matatizo gani tena?"

"Ukipiga ile ya haraka haraka, mimi miguu inapanda yenyewe. Nakuja kushtuka niko kwenye kona ya wenzetu, kocha ananigombeza mpaka kwenye basi."

Tukacheka wote. Mwenzake akasema ni kweli, kocha amewahi kuuliza kama yule mama anaweza kukatazwa. Tukacheka zaidi. Mama akampa karanga za Zabibu, bila kumuuliza Zabibu.

JUMAPILI. Uwanja wa Liti

Tiketi ya mzunguko Sh5,000. Tuliingia saa nane kwa mechi ya saa kumi, tukakaa upande wa jua kwa kuwa ndio uliokuwa mtupu. Wenyeji wetu wa mjini hapa ni watu wema, walitupisha, mmoja akampa Mama boksi la kukalia. Wengi wao walikuwa na jezi za timu yao juu, na ukitazama kwenye kola unaona nyekundu ya Simba au kijani ya Yanga imechungulia.

Kipindi cha kwanza sina la kuandika. Mpira ulikuwa juu, upepo wa Singida unaucheza kuliko wachezaji. Kipa wetu alidaka viwili. Baba wa Makole akasema, "Mfupi, lakini."

Dakika ya 55 tukafungwa. Krosi, kichwa, basi. Mimi nilikuwa natukana, Zabibu alikuwa kimya kwa namna ambayo kila mtu aliielewa. Mama Ngoma hakusita hata pigo moja. Hili watu hawalijui: bao linapoingia yeye haachi, anashusha tu, ngoma inakuwa kama mtu anayetembea huku anafikiri. Ukikaa karibu naye unaisikia kwenye benchi kabla ya masikio.

Dakika ya 71 tukapata kona. Ikapigwa vibaya, ikamgonga mtu mgongoni, ikarudi, kiungo wetu akaupiga kwa ugoko. Ukaingia. Kwa ugoko! Kilomita 240 na ugoko! Sikumbuki vizuri kilichofuata, ila nilijikuta safu tatu chini ya nilipokuwa, kiatu kimoja sina. Kiatu nilirudishiwa na shabiki wa wenyeji, akanipa na pole kama mgonjwa.

Sare ingetutosha. Pointi moja ugenini, wa 15 wamefungwa Ijumaa, tunaondoka na pengo la pointi tatu. Kila mtu pale alizijua hesabu hizo, na nadhani hata Mama alizijua. Lakini dakika zile kumi timu yetu ilicheza mpira ambao sijauona tangu msimu uanze. Pasi tano, pasi sita. Wenyeji walirudi nyuma, uwanja ulinyamaza, na katika ule ukimya ngoma peke yake ikawa inasikika uwanja mzima. Mama alikuwa amefumba macho. Mikono ikaanza kwenda haraka. Haraka zaidi. Sisi tunapiga makofi, tunaimba, Kamisaa ameacha kuandika, amesimama na kalamu hewani.

Nikamwona beki wa kushoto anapanda.

Alipanda vizuri, kwa kweli. Alipokea mpira karibu na kibendera cha kona, akampiga mtu chenga, akarudisha kati. Kiungo wetu, yuleyule wa ugoko, akapokonywa. Pasi moja ndefu ikaenda upande wetu wa kushoto, na upande wetu wa kushoto hakukuwa na mtu. Winga wao alikimbia peke yake kama mtoto anayekimbiza tairi. Dakika ya 84.

Nilikaa. Magoti yalikaa yenyewe. Nilitazama kati ya viatu vyangu, kuna maganda ya karanga na tiketi zilizokanyagwa, na nikayatazama kwa makini kama nitaulizwa habari zake. Juu yangu ngoma ilikuwa inaendelea. Ilikuwa imeshuka, ile ya kutembea, lakini ilikuwa inaendelea, na iliendelea dakika zote zilizobaki na nne za nyongeza na ikaendelea wakati wachezaji wanapeana mikono.

Beki wa kushoto alikuja mpaka uzioni upande wetu, akapunga mkono mara moja, akaenda.

Mkeka wa Zabibu ulichanika kwenye mechi ya sita. Kwa hiyo chakula tulijinunulia. Kuku wa kienyeji, wali, watu wanakula bila kutazamana.

JUMATATU. Kurudi

Nikanunua dumu la lita tano. Ya kumi pesa haikutosha, kwa sababu usiku nilikuwa nimelipia gesti ya watu wawili walioishiwa, na mmoja wao ni Zabibu.

Basi lilikuwa la kutoka Mwanza, watu wamelala vinywa wazi. Konda aliiona ngoma, akamwona Mama, akatuona sisi na jezi.

"Mlikuwa Liti?"

"Ndiyo."

"Ngapi?"

"Mbili moja."

"Mmepigwa." Hakuuliza, alisema. Akaichukua ngoma kwa mikono miwili, akaiweka mwenyewe nyuma ya kiti cha dereva, akaikinga na koti lake isigongwe. Hakutaja pesa. Kamisaa alitoa daftari, akafikiri, akalirudisha mfukoni.

Mama Ngoma hakusema neno kutoka Singida hadi Ikungi, wala kutoka Ikungi hadi Manyoni. Alikaa dirishani, viganja vimelala mapajani vikitazama juu. Nilijua anachofikiri, kila mtu alijua, na hakuna aliyekuwa na njia ya kulianza. Ungemwambia nini? Kwamba siyo ngoma? Tulikuwepo wote pale ziwani, tulicheka wote.

Tulipoanza kushuka kuelekea Kintinku ndipo akasema, bila kugeuka, "Nilipiga haraka."

Kimya. Baba wa Makole alikohoa. Alikuwa ameshamaliza kauli yake ya safari hii.

Kamisaa akafungua daftari kwenye ukurasa wa jana, akamsogezea mbele ya uso. Mama hasomi vizuri bila miwani, kwa hiyo akasoma yeye, kwa sauti ya darasani: "Dakika ya 84. Bao la pili. Kosa: kiungo namba 8, kupoteza mpira katikati. Basi. Ndivyo ilivyoandikwa." Akalifunga.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake na nililiona daftari. Mstari huo ulikuwa na wino tofauti na mistari ya juu.

Mama akatikisa kichwa kidogo. Baada ya muda akauliza Jumatano ya wiki ijayo tunacheza na nani Jamhuri, ingawa anajua. Ni moja ya zile mbili. Zabibu akasema itabidi tufike saa sita mchana la sivyo tutakosa hata pa kuweka ngoma, na ubishi ukaanza, upande wa jukwaa kuu au upande wa pili, na kama mgambo wa getini ni yule yule. Ubishi ulitufikisha Bahi, ukatufikisha Nala. Nzuguni tuliagana tukiwa bado tunabishana.

Nyumbani nilifika magharibi. Nililiweka dumu juu ya meza. Mke wangu akaligeuza kusoma alama ya lita.

"Tano."

"Bei imepanda."

Yeye ni Yanga, karithi kwa baba yake, na mpira wa timu yangu hajawahi kuuzungumzia isipokuwa kwenye hesabu za matumizi. Aliendelea kukuna nazi. Nikavua viatu, nikaenda kunawa, nikarudi, nikakaa.

"Jana nilikwenda kwa Mama Asha," akasema, "kutazama tamthilia. Wakawa wameweka mpira."

Sikujibu.

"Kamera iliwaonyesha. Baada ya lile bao la pili." Akagonga kifuu pembeni ya mbuzi, makapi yakaanguka. "Yule mama anapiga ngoma. Wenzako wote wamesimama. Wewe umekaa."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Kwa nini ulikaa?"